Sindano ya Insulini Iliyopima Kazi ya Mpasuaji

Mgonjwa hajala kitu tangu usiku. Asubuhi anapitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni, na kwa muda wa saa moja muuguzi anavuta majimaji ya tumbo na kuyahifadhi katika chupa zenye namba. Kisha anachomwa insulini kwenye mshipa. Hana kisukari. Madaktari wanataka sukari yake ishuke.

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1946 na Franklin Hollander wa Hospitali ya Mount Sinai, New York. Miaka mitatu kabla yake, Lester Dragstedt wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa ameanza kutibu vidonda vya duodenamu kwa kukata neva za vagasi. Neva hizo hushuka kutoka kwenye ubongo zikiambatana na umio, na kupitia kwazo ubongo huliamuru tumbo litoe asidi. Ivan Pavlov alikwisha kulionyesha hilo kwa mbwa wake miaka mingi nyuma. Amri ikikatwa, asidi hupungua na kidonda hupata nafasi ya kupona.

Taabu ni kwamba vagasi ikifika karibu na tumbo hugawanyika kuwa nyuzi nyingi, nyingine zikiwa zimejificha nyuma ya umio. Mpasuaji aliweza kumshona mgonjwa akiamini amezikata zote, kumbe baadhi zimesalia. Angejuaje? Histamini isingemsaidia, kwa sababu huchochea chembe za tumbo moja kwa moja, neva ziwepo zisiwepo. Insulini huanzia kwenye ubongo. Sukari ikishuka chini ya miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu, ubongo unaotegemea glukosi hushtuka na kutuma amri kupitia vagasi: tumbo, jiandae kupokea chakula! Tumbo likiitika, basi neva hazikuisha.

Majimaji yalivutwa kila dakika 15 kwa saa mbili. Kwa kigezo cha Hollander, asidi ikipanda kwa milimoli 20 kwa lita kupita kiwango cha mwanzo, neva zimebaki. Baadaye watafiti walitazama pia muda: mwitikio wa saa ya kwanza ulitia wasiwasi kuliko uliochelewa.

Naliheshimu wazo hili, lakini mgonjwa alilipa gharama kubwa. Alitoka jasho, akatetemeka, moyo ukamwenda mbio, na ilibidi muuguzi asibanduke kitandani, glukosi ikiwa tayari mkononi. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo ilikuwa hatari kabisa. Na baada ya mateso yote hayo, wengi waliopatikana na neva zilizosalia hawakurudiwa na kidonda. Ndiyo maana baadhi ya madaktari walihamia kwenye njia ya upole zaidi: mgonjwa anatafuna chakula na kukitema, huku asidi ikipimwa.

Simetidini ilipoingia sokoni mwaka 1976, ikafuatiwa na omeprazoli, visu vilianza kuwekwa chini. Nao Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, wakathibitisha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Siku hizi bakteria huyo hutafutwa kwenye choo au kwa kupima pumzi, na hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Kama unaishi kwa kununua vidonge vya kutuliza kiungulia kila wiki, nenda kapime.