Popo wa Maduara na Hatari ya Kuwafukuza

Popo hajengi kiota. Anachotaka ni giza, utulivu na pa kuning'inia, na kuanzia Kiriba hadi Butiama, mkoani Mara, havikosekani: nyufa za majabali kando ya Ziwa Victoria, dari za nyumba, maduara (mashimo) ya dhahabu yaliyoachwa. Tangu ugonjwa wa Marburg, ambao virusi vyake hubebwa na popo, utangazwe Kagera, ng'ambo ya ziwa, Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025, wazo jepesi ni kuwafukiza moshi au kuwafukia humo humo. Ushahidi unaonyesha kwamba hilo laweza kuuchochea ugonjwa wenyewe.

Mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, ulijaribu. Wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, na watafiti wakakuta virusi katika takriban asilimia 5 ya popo wa matunda waliolala mle. Mwaka uliofuata popo wakauawa, njia zikazibwa. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka Ibanda, jirani na hapo. Popo waliorudi mgodini, kundi dogo mno kuliko la awali, walipopimwa, wenye virusi walikuwa asilimia 13. Maelezo yenye nguvu ni kwamba nafasi tupu iliwavuta popo wageni, wengi wao bila kinga. Majira nayo yana uzito wake. Popo hawa wa mgodini huzaa mara mbili kwa mwaka. Kinga ya mama inapomwisha, mtoto bado hawezi kugombea mahali pazuri, hivyo wakubwa humsukuma chini na karibu na mlango, ambako mkojo na kinyesi cha walio juu humdondokea. Akifika karibu miezi 6, maambukizi hupanda: kwa Uganda ni katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi, na Juni hadi Septemba. Milipuko ya Kagera inakaribiana na kipindi cha kwanza. Si uthibitisho, lakini si la kupuuzwa.

Je, mchimbaji wa Buhemba alale njaa kwa ajili ya popo? Hapana. Duara lenye popo liachwe, hasa miezi hiyo, yachimbwe mengine. Wa darini wengi hula wadudu, na tundu lao lizibwe usiku wakishatoka, watoto wakiwa wameshajua kuruka. Tena yupo popo mkubwa wa manjano, anayehama kufuata misimu ya matunda. Waliofungwa vifaa Zambia walifuatiliwa hadi Kongo. Huyo hulala mitini, na ndiye asambazaye mbegu za mvule. Kuukata mti wake hakumpunguzii mtu yeyote hatari ya Marburg.