Kwa nini Marekani imeshindwa kuzima biashara ya nyama ya farasi

HAKUNA kichinjio nchini Marekani ambacho kimechinja farasi kwa ajili ya chakula cha binadamu tangu mwaka 2007. Hata hivyo, hakuna sheria ya taifa inayotamka kwamba kufanya hivyo ni kosa. Kizuizi kilichopo ni kipengele kifupi katika bajeti ya Wizara ya Kilimo, nacho hufikia kikomo kila mwaka wa fedha unapokwisha, hadi wabunge wakirejeshe.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Nyama isiyopigwa mhuri na mkaguzi wa serikali haiwezi kuuzwa nje ya jimbo wala kupelekwa ng'ambo. Mwaka 2005, Bunge la Congress liliamua kwamba fedha za umma zisitumiwe kuwalipa wakaguzi wa farasi. Bila mkaguzi hakuna mhuri, na bila mhuri hakuna soko. Wizara ilijaribu kukiruka kiunzi hicho mwaka 2006 kwa kuwaruhusu wenye vichinjio kugharimia ukaguzi wao wenyewe, lakini mahakama iliubatilisha mpango huo mwaka uliofuata.

Wakati huo vilisalia vichinjio vitatu: viwili katika jimbo la Texas, mjini Fort Worth na Kaufman, na kimoja mjini DeKalb, Illinois. Vyote vilimilikiwa na wawekezaji wa Ulaya, na nyama yake iliuzwa zaidi Ulaya na Japani, kwani Wamarekani wenyewe hawaili. Lililovifunga hasa ni majimbo. Texas ilikuwa na sheria ya mwaka 1949 iliyokataza uuzaji wa nyama ya farasi, ikiwa imelala kwenye makabrasha kwa miongo mitano hadi mwaka 2002 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, John Cornyn, aliposema ingali na nguvu. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye Januari 2007. Illinois ilipitisha sheria yake miezi michache baadaye, na kichinjio cha DeKalb kilipokwenda kortini, Jaji Richard Posner aliamua kwamba jimbo lina haki ya kurefusha maisha ya wanyama wanaopendwa na wakazi wake.

Mapenzi hayo ndiyo kiini cha mvutano wote. Kwa Mmarekani wa kawaida, farasi ni rafiki na shujaa wa historia yake, si kitoweo. Hasira zilipanda mwaka 2003 ilipobainika kwamba Ferdinand, farasi aliyeshinda mbio za Kentucky Derby mwaka 1986, alikuwa amechinjwa nchini Japani alikouzwa kwa ajili ya uzalishaji.

Septemba 2006, Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 263 dhidi ya 146 mswada wa kupiga marufuku uchinjaji huo kote nchini. Seneti haikuushughulikia, ukafa. Miongoni mwa waliokuwa wameupinga ni Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani, kundi ambalo ni vigumu kulishutumu kwa kuwachukia wanyama. Hoja yao ilikuwa kwamba farasi asiyetakiwa hatoweki kwa sababu sheria imebadilika: atatelekezwa, au atasafirishwa mbali zaidi.

Matukio yaliwapa haki kwa kiasi kikubwa. Ripoti ya mwaka 2011 ya ofisi inayokagua shughuli za serikali kwa niaba ya Bunge ilionyesha kwamba farasi wapatao 138,000 walipelekwa Canada na Mexico kuchinjwa mwaka 2010. Idadi hiyo ilikaribia kulingana na jumla ya mwaka 2006, wa waliochinjwa nchini na waliovushwa mpaka. Kilichobadilika ni urefu wa safari. Kanuni za Marekani zinaruhusu farasi wa kuchinjwa akae kwenye lori hadi saa 28 bila chakula, maji wala mapumziko, na akishavuka mpaka kanuni hizo hazimfuati tena.

Mwishoni mwa mwaka 2011 kipengele cha bajeti kiliondolewa, na kampuni moja ya Roswell, New Mexico, ikaomba leseni. Kabla haijaanza kazi, Bunge lilikirejesha Januari 2014, na tangu hapo hakuna kichinjio kilichofunguliwa.

Wakenya waliofuatilia sakata ya punda watautambua mkondo huu. Vichinjio vilivyouza nyama na ngozi zao China vilipigwa marufuku na Waziri wa Kilimo Peter Munya mwaka 2020, kufuatia malalamishi ya wizi wa punda, lakini Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo mwaka 2021. Huku ilikuwa amri ya waziri, kule ni bajeti. Zote ni njia za mkato.

Njia ndefu kule Marekani ni mswada ambao umewasilishwa mara kadhaa tangu mwaka 2013. Unataka kukomesha uchinjaji pamoja na usafirishaji wa farasi kwenda kuchinjwa nje, na haujapita. Watetezi wake husisitiza afya ya mlaji: farasi wa Marekani hawafugwi kwa chakula, na wengi hupewa fenilibutazoni, dawa ya maumivu isiyoruhusiwa kwa mnyama wa kuliwa. Mbwa na paka walipata kinga ya kisheria mwaka 2018.

Soko, kwa upande wake, limepungua. Desemba 2014 Umoja wa Ulaya ulisimamisha nyama ya farasi kutoka Mexico kwa kuwa historia ya dawa walizopewa haikuaminika, na idadi ya wanaovushwa mpaka imeshuka mno. Nchini Canada, mswada wa kukomesha usafirishaji wa farasi hai kwa ndege kwenda kuchinjwa, wengi wao Japani, ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi Mei 2024. Ulikuwa bado katika Seneti Bunge lilipovunjwa mwaka 2025.