Ujuzi Usiondoke na Mwenyewe

Mwezi wa Agosti mwaka 1972, serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia wa Uganda muda wa siku 90 waondoke nchini. Yaliyosemwa sana baadaye ni habari za maduka na majumba yaliyoachwa. Lakini ilikuwako hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Katika karakana na viwanda vingi vya Kampala na Jinja, aliyejua jinsi mashine inavyotengenezwa na vipuri vinavyoagizwa aliondoka kabla ya kumwachia mwingine ujuzi wake. Mashine zilibaki, maarifa yakaenda.

Leo hakuna amri ya siku 90, bali wapo wanaostaafu, wanaohama na wanaofariki. Ofisi, hospitali au kiwanda kisicho na mpango wa malezi ya kazi hujiandalia hasara ile ile, ingawa huja kidogo kidogo.

Mfano wa malezi hayo umo Kampala yenyewe. Katika mtaa wa Katwe, mafundi wa vyuma wamelea vijana kwa miaka mingi pasipo ubao wala chaki. Kijana huanza kwa kumshikia fundi zana, kisha hupewa kazi ndogo, na mwisho huachiwa kazi nzima mbele ya macho ya fundi wake. Hata hivyo, pasipokuwa na mapatano yaliyo wazi, mwanagenzi aweza kufagia karakana mwaka mzima bila kujifunza lolote.

Kwa hiyo mwajiri anayetaka kuanzisha mpango huu hana budi kuzingatia mambo manne. Kwanza, yaandikwe yale ambayo mwanagenzi atapaswa kuyaweza, na kwa muda gani. Pili, mlezi achaguliwe kwa ustadi na subira yake, wala asiwe yule yule anayeamua mshahara wa kijana, maana mtu huficha makosa yake mbele ya anayemhukumu. Tatu, saa za kufundisha zihesabiwe kuwa saa za kazi. Nne, maendeleo yapimwe mara kwa mara, na wasioelewana wabadilishwe bila lawama.

Lakini mipango mingi huvunjwa na hofu. Mkongwe huuliza moyoni: nikimfundisha huyu kila kitu, mimi nitabaki na nini? Swali hilo si la choyo. Ni swali la mkate wa watoto wake. Haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Hujibiwa kwa mwajiri kumhakikishia nafasi yake, na kuihesabu kazi ya kulea katika kumpandisha cheo na kumwongeza mshahara.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ujuzi ni mwanagenzi, na hapana budi liandikwe wakati mwenye ujuzi angali kazini.