Siri ya kisu kidogo kisichokunjika

MWENYE kisu kikali ndiye mla nyama, walinena wahenga. Hawakusema mwenye kisu kikubwa, wala hawakusema mwenye kisu cha bei ghali. Hiyo ni busara ambayo wengi wetu huisahau tunapoingia dukani na kuvutiwa na visu vya kukunja vinavyometameta, vyenye misumeno, vifungulio vya chupa na vikorokoro vingine chungu nzima.

Ilhali ukipita sokoni, utabaini kwamba watu ambao riziki yao hutegemea makali ya kisu aghalabu hawana haja na mapambo hayo. Mama mboga anayekatakata sukuma wiki hadi iwe nyembamba kama uzi, mchuuzi anayemenya mananasi kando ya barabara, na mvuvi anayepasua samaki ufuoni, wote hutegemea kisu kifupi ambacho ubapa wake umekazwa daima katika kipini. Je, kisu hiki kina siri gani?

Jibu la kwanza limo katika muundo wake. Kisu kisichokunjika ni kipande kimoja cha chuma. Sehemu moja hunolewa ikawa makali, na nyingine, yaani msuka, huingia ndani ya kipini. Hakina bawaba, springi wala kufuli. Kisu cha kukunja, kwa upande mwingine, hutegemea bawaba. Bawaba hiyo ikilegea, au kufuli likikosa kushika, ubapa waweza kujikunja ghafla na kuangukia vidole vya mtumiaji. Kwa mtu anayetumia kisu mamia ya mara kwa siku, hiyo si hatari ya kupuuzwa. Kidole kimoja kilichokatwa vibaya ni siku kadhaa bila kazi, na siku hizo watoto hawaachi kula.

Jibu la pili ni usafi. Mabaki ya nyama, utomvu wa matunda na magamba ya samaki hujificha katika ufa wa kisu cha kukunja, ambako kitambaa hakifiki. Huko ndiko kutu huanzia na vijidudu huzaana. Kisu kisichokunjika huoshwa kwa maji na sabuni, kikapanguswa na kukauka mara moja. Hata hivyo, kipini nacho kikaguliwe, kwani kipini cha mbao kilichopasuka hufuga uchafu vilevile.

Udogo nao una manufaa yake. Ubapa wa sentimita saba hadi 10 hukaa karibu na vidole, hivyo mkono huuelekeza kwa urahisi. Ncha haiendi mbali na macho. Kisu kirefu hufaa kukata mkate au pande kubwa la nyama, lakini ukikitumia kumenya kiazi, ncha yake huyumba huku na kule. Kazi nyingi za kila siku, kama vile kumenya, kukata kamba, kufungua gunia au kuchonga kijiti, hazihitaji zaidi ya urefu wa kiganja.

Tangu enzi za mawe

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1991, watalii waliokuwa wakitembea katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, waligundua maiti ya mtu aliyeishi takriban miaka 5,300 iliyopita, ikiwa imehifadhiwa na barafu. Mtu huyo, ambaye sasa hujulikana kama Ötzi, alikuwa na kisu kidogo cha jiwe la gumegume. Kilikuwa na kipini cha mti na ala iliyofumwa kwa nyuzi za gome, na urefu wake wote ulikuwa sentimita 13 hivi.

Nchini Finland, kisu kidogo kiitwacho puukko kimening'inia kwenye mishipi ya wakulima, wawindaji na wavuvi kwa karne nyingi. Huko ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwetu. Katika nchi jirani ya Uswidi, eneo la Mora limesifika kwa visu vya aina hiyo, ambavyo hupendwa na maseremala na wapiga kambi kwa kuwa ni vyepesi na bei yake si ya kutisha. Makali ya visu hivi yana mteremko mmoja mpana kila upande. Mteremko huo hulazwa bapa juu ya kinoo, hivyo hata asiye fundi hunoa bila kubahatisha.

Kwetu Kenya, mafundi wa jua kali hufua visu kutokana na springi za magari makuukuu. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha kushika makali kikipashwa moto na kupozwa ipasavyo. Kasoro yake ni kwamba hushika kutu upesi, hivyo sharti kikaushwe na kupakwa mafuta kidogo ya kupikia. Chuma kisichoshika kutu hakina usumbufu huo, ingawa baadhi ya aina zake ni ngumu kunoa.

Ala na sheria

Kisu hiki kina sharti moja kuu: lazima kiwe na ala. Kisu cha kukunja hujifunika chenyewe, na kwa hilo kinakishinda hiki. Kisu kitupu mfukoni au ndani ya kikapu humdhuru mwenyewe kabla ya mwingine yeyote.

Aidha, chombo cha kazi kikitolewa mahali pa kazi huonekana kuwa silaha. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu kuwa na silaha katika mikutano ya umma, na kisu hakiruhusiwi kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1988 huruhusu kubeba hadharani kisu cha kukunja kisicho na kufuli ambacho makali yake hayazidi inchi tatu. Kisichokunjika, hata kikiwa kifupi kuliko hicho, huhitaji sababu halali kama vile kazi.

Hatimaye, ubora wa kisu chochote umo katika makali yake. Kisu butu ndicho hatari zaidi, kwani humlazimisha mtumiaji kutumia nguvu, na nguvu hizo kikiteleza huishia mkononi. Jaribio ni rahisi: weka kisu juu ya nyanya mbivu, ukivute polepole bila kukandamiza. Kikipenya ganda, endelea na kazi. Kikiliteleza, tafuta kinoo kwanza.