Kwa Nini key() Hurudi Mikono Mitupu

Kosa linaloudhi kuliko yote katika XSLT ni lile lisilotoa ujumbe. Umeandika ufunguo, umeita key(), programu imekwenda hadi mwisho bila kulalamika, lakini safu ya majina ya bidhaa kwenye ankara iko tupu. Kwa key(), kutopata kitu si kosa: hurudisha utupu na kuendelea na safari.

Tuchukue ufunguo huu:

<xsl:key name="bidhaa" match="bidhaa" use="@kodi"/>

Hapa programu huandaa faharasa ya bidhaa zote kwa kodi (misimbo) zake. Kabla ya kubadilisha chochote, pale pale panapokwama andika thamani kwa mkono: key('bidhaa', '007'). Jibu litakuonyesha upande wa kuchimba.

Bidhaa ikipatikana, ubovu uko kwenye thamani unayotuma. Mshukiwa wa kwanza ni number(@kodi): sifuri za mbele hupotea, 007 ikawa 7, na maandishi "7" si "007". Mshukiwa wa pili ni aina ya thamani. XSLT 1.0 ya mwaka 1999 iligeuza yenyewe namba kuwa maandishi; XSLT 2.0 ya mwaka 2007 haifanyi hivyo. Data isiyo na skima huhesabiwa kuwa maandishi, kwa hiyo ukitafuta kwa namba 25 huipati kodi "25". Ndiyo maana kubadili tu version="1.0" kuwa "2.0" kunaweza kunyamazisha kazi iliyokuwa ikienda vizuri. Tumia string(), ila kwa tahadhari: ukiipa nodi tatu, katika 1.0 huchukua ya kwanza tu, na katika 2.0 hutoa kosa. Nodi zenyewe zikitumwa moja kwa moja, key() hutafuta kwa kila moja.

Bidhaa isipopatikana hata kwa thamani ya mkono, kagua faharasa na hati. Faili likiwa na xmlns, match="bidhaa" isiyo na kiambishi kwa kawaida haishiki kitu. Kodi yenye nafasi mwanzoni au mwishoni huingia kwenye faharasa na uchafu wake. Isafishe kwa normalize-space() ndani ya use. Kisha kumbuka kwamba key() hutafuta ndani ya hati ya nodi uliposimama. Orodha ya bidhaa ikiwa katika faili jingine, kwenye 1.0 ingia kwanza humo kwa xsl:for-each na document(); kuanzia 2.0, itaje hati hiyo kama hoja ya tatu ya key().

Nafasi tupu hazionekani kwa macho, hivyo chapisha thamani kwa xsl:message ukiizungushia mabano ya mraba. Ukiona [007 ] badala ya [007], umempata mchawi.