Kaa wa Maji Baridi

Sisi tukaao Mji wa Kale hapa Mombasa twamjua sana kaa wa baharini. Maji yakipwa twamwona mawezani akikimbilia tundu lake. Leo twataka kuzungumza habari za ndugu yake, ambaye wengi wetu hatujamtia machoni: kaa wa maji baridi.

Kisiwa chetu hakina mto, na visima vyetu vingi vina chumvi. Lakini vuka Likoni, upande vilima vya Shimba, ziliko chemchemi za Marere ambazo kwa miaka mingi zimeupa mji wetu maji ya mfereji. Misituni huko yuko kaa asiyeishi mtoni wala pwani, bali ndani ya shimo la mti lililojaa maji ya mvua! Wataalamu walimpa jina lake, Potamonautes raybouldi, mwaka 2004. Yuko pia Usambara, Tanzania.

Tofauti kubwa ni uzazi. Kaa wa baharini huachilia watoto maelfu, wadogo mno, wasiofanana naye hata kidogo, wakachukuliwa na mkondo, wengi huliwa. Huyu wa maji baridi hutaga mayai machache, makubwa, akayakumbatia chini ya tumbo. Watoto huanguliwa wakiwa kaa kamili, na hata hapo mama huendelea kuwachukua kwa muda.

Sasa lipo fumbo. Mashariki yetu, yapata kilomita 1,750, ndiko kiliko kisiwa cha Mahe katika Shelisheli. Katika vijito vya visiwa hivyo yuko kaa wa maji baridi, Seychellum alluaudi, asiyepatikana penginepo duniani. Mtoto wake haelei baharini, basi alifikaje? Wengine walidhani alikuwapo tangu visiwa vilipomeguka kutoka bara la kale. Uchunguzi wa chembe za urithi waonyesha kwamba jamaa zake wako Afrika, na kwamba alifika baadaye sana, kwa kuvuka bahari. Huenda alipanda magogo yaliyosombwa na mafuriko. Safari ya namna hiyo haitokei kila mwaka, wala kila karne.

Kaa wa pwani akimalizwa mahali, mkondo waweza kuleta watoto wengine. Kijito kikikauka au kikitiwa sumu, kaa wake haletewi wengine na bahari. Nasi mfereji ukikauka twapiga kelele, na ni haki yetu. Ila ni wangapi kati yetu waliopanda Shimba kuitazama miti inayoyatunza maji hayo? Mti mkongwe ukikatwa, lile shimo lake la maji laenda pamoja nao, na kaa aliyekuwamo.