Mzazi na Mtoto Mchanga: Wapimwe Kabla ya Arobaini

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo wanaume wengi hudhani ni la wanawake peke yao, na ambalo wanawake wengi hudhani limekwisha mara mtoto akisha kulia. Neno lenyewe ni hili: yapasa mzazi na mtoto wake wapimwe na mkunga aliyefundishwa au daktari, hata kama wote wawili waonekana wazima, tena wapimwe mapema.

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Lindi, na visiwani Unguja na Pemba, desturi ya arobaini ni ya zamani sana. Mzazi hukaa ndani, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hupewa uji wa pilipili manga, wala haachwi afanye kazi nzito. Desturi hii ina mema mengi, nami siibezi. Mwanamke aliyezaa ahitaji kupumzika na kulishwa. Ubaya wake ni mmoja, kwamba mlango ukisha kufungwa hufungwa hata kwa mkunga. Watu husema, "Ngoja atoke arobaini, ndipo aende zahanati." Wala isidhaniwe kwamba dini ndiyo imzuiayo. Hukumu za nifasi zahusu sala, saumu na mambo ya mume na mke; hazimkatazi mgonjwa kutafuta tiba.

Hatari haingoji arobaini. Katika mwaka 2022, kwa hesabu ya dunia nzima, watoto kama milioni 2.3 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na katika kila wanne wa hao, kama watatu walikufa katika juma la kwanza. Kwa upande wa mama, damu nyingi inayoua hutoka zaidi katika saa 24 za mwanzo. Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2022, limeshauri kwamba mama aliyezaa hospitalini asitoke kabla ya saa 24 kupita, na aliyezaa nyumbani aonwe upesi iwezekanavyo katika saa hizo hizo. Kisha waonwe mara tatu tena: baina ya saa 48 na saa 72, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na katika juma la sita.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Siku ya saba twaijua, maana ndiyo siku ya akika kwa Waislamu. Nalo juma la sita hutimia siku ya 42, yaani siku mbili tu baada ya arobaini. Kalenda ya waganga haikupotea mbali na kalenda ya bibi zetu. Illa zile siku tatu za mwanzo ndizo tuzisahauzo, na ndizo zenye hatari kubwa kupita zote.

Sasa, mkunga hutazama nini? Kwa mama, kwanza hutazama damu. Damu ya nifasi huwa nyekundu kwa siku tatu nne, kisha hugeuka rangi ya kahawia hafifu, na mwisho huwa nyeupe. Ikiwa kitambaa kimoja chalowa chapa kabla ya nusu saa kutimia, hiyo si nifasi tena, na mama apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Mkunga hupapasa pia tumbo. Mfuko wa uzazi yapasa uwe mgumu kama mpira, na kila siku hushuka kadiri ya upana wa kidole, hata siku ya kumi au zaidi kidogo hausikiki tena. Ukiwa laini, damu yaweza kumwagika bila kizuizi. Kwa sababu hiyo mkaja yapasa ufunguliwe wakati wa kupimwa. Bibi asidhani kwamba mkunga adharau kazi yake.

Pili ni homa. Mzazi mwenye homa, na maumivu ya tumbo, na uchafu wenye harufu mbaya, ameingiwa na vijidudu katika mfuko wa uzazi. Ugonjwa huu uliua wanawake wengi sana Ulaya. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vikapungua mno. Leo dawa za kuua vijidudu zapatikana, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema.

Msukumo wa damu nao hupimwa. Maana kifafa cha mimba, ingawa chaitwa cha mimba, chaweza kumshika mama hata baada ya kuzaa. Mzazi akisema kwamba kichwa chamwuma sana na macho yaona ukungu, asifukizwe majani, apelekwe. Hutazamwa pia matiti na miguu. Tena huulizwa habari za moyo wake: machozi ya siku chache ni ya kawaida, lakini huzuni ikizidi majuma mawili ni ugonjwa wenye tiba, wala si pepo wala si uvivu.

Ama mtoto, jambo la kwanza ni pumzi. Akiwa ametulia, mkunga huhesabu pumzi zake dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi huhesabu tena, na zikiwa vile vile, au mbavu zikibonyea ndani kwa nguvu, mtoto yu mgonjwa. Joto lake yapasa liwe kati ya 36.5 na 37.5 kwa kipimo cha sentigredi. Hapa watu wengi hudanganyika: mtoto mchanga aliyeugua aweza kuwa baridi badala ya kuwa moto, akalala tu na kuacha kunyonya, na watu wa nyumbani wakamsifu kwa utulivu wake. Kwa ajili ya baridi hiyo asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, bali awekwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Umanjano ukionekana siku ya kwanza, au ukifika viganjani na nyayoni siku yo yote, asikawizwe. Kitovu kiachwe kikavu, kisitiwe majivu, mafuta wala mavi ya ng'ombe, maana ndimo pepopunda ipitamo. Uzito hupungua siku za mwanzo; mtoto wa kilo 3 akipungua zaidi ya gramu 300, kunyonya kwake kwahitaji kutazamwa. Dang'a isimwagwe. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mara baada ya kuzaliwa, na nyingine hufuata juma la sita.

Enyi waume, nauli ya safari hizi iwekwe kabla mke hajashikwa na uchungu, pamoja na nguo za mtoto. Siku mzazi atokapo hospitalini, mwulizeni mkunga siku ya kurudi, naye aiandike katika kadi. Ikiwa njia ni ndefu au mama hajiwezi, mwulizeni kama yuko mhudumu wa afya awezaye kuja nyumbani siku hiyo; kupimwa nyumbani kwakubaliwa, mradi mpimaji awe amefundishwa.